Nukuu Mia Nne na Pua Moja

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipowaachia: simu imekatika, nimesimama katikati ya maabara na glavu mkono mmoja, nacheka peke yangu. Tangu nianze kuwasimulia balaa zangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na sababu ya kucheka.

Mliochelewa, sogeeni karibu. Sirudii mara mbili.

Mimi ni mtafiti wa mambo ya jeni. Kazi yangu ni kuangalia vitu visivyoonekana na kuandika makala zisizosomwa. Makala ikitoka, na watafiti wengine wakaitaja kwenye makala zao, hiyo inaitwa nukuu. Ukipata nukuu nyingi unapanda cheo. Usipopata, unabaki kufundisha mwaka wa kwanza hadi meno yadondoke. Hakuna anayeuliza kama ulichoandika ni kweli, maana huko ni kuingilia mambo ya watu.

Kamati ya kupandisha vyeo ilishanitupa nje mara mbili. Mara ya kwanza nukuu zangu zilikuwa chache. Mara ya pili zilikuwa chache vilevile, na nusu yake nilikuwa nimejinukuu mwenyewe. Hayo nilishawasimulia mkacheka mpaka basi, asanteni sana.

Kisha ile makala yangu ya wanawake ambao mimba zao huharibika ikaanza kupaa. Makala inasema hivi: wanawake hao wana herufi moja iliyobadilika kwenye jeni fulani, na wenzao wanaozaa salama hawana. Miaka ilipita hakuna aliyeitaja. Mwaka huu, ghafla, nukuu mia. Mia mbili. Zikavuka mia nne. Chuo kikabandika picha yangu getini, kubwa, hata mlinzi akawa ananisalimia huku anaangalia ile ya ukutani. Mama yangu akashonesha gauni la sherehe ya kunipongeza kabla sijapongezwa.

Simu niliyopigiwa ilikuwa ya katibu wa kamati. Alhamisi tunakupitisha uprofesa, alisema. Kimebaki kitu kidogo tu: nimpelekee sentensi chache kutoka kwa watu walioninukuu, zisomwe kikaoni, wajumbe wasikie dunia inasema nini juu yangu.

Haya. Ndipo tulipokomea.

*

Sentensi chache kati ya nukuu mia nne. Nikaona hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Sasa nitawaambia jambo ambalo watafiti huwa hatuwaambii watu wa nje. Sikuwahi kufungua hata makala moja kati ya hizo zilizoninukuu. Nani ana muda? Mtu akikutaja, namba inapanda pembeni ya jina lako. Unaiangalia namba, roho inatulia, unaenda zako. Sote tunafanya hivyo, na anayesema yeye hafanyi hivyo ni mwongo mwenye cheo.

Basi Jumatatu asubuhi nikakaa mezani nyumbani na kompyuta yangu. Mume wangu alikuwa pembeni anakunywa chai. Yeye ni fundi wa lifti, na siku hiyo zamu yake ilikuwa ya mchana.

"Soma kwa sauti," akasema. "Na mimi nisikie mke wangu anavyosifiwa."

Nikafungua ya kwanza. Watafiti wa ng'ambo, jarida kubwa, lile ambalo hunirudishia makala kabla sijafunga kompyuta. Nikatafuta jina langu, nikalikuta, nikaanza kusoma kwa mbwembwe kabla macho hayajamaliza mstari.

"'Mfano mzuri...'"

"Ehe! Umeona?"

"'Mfano mzuri wa utafiti ulioharibika kwa sampuli kuchafuliwa maabara...'"

Mume wangu akaweka kikombe chini.

"Huyo ana wivu," akasema. "Fungua nyingine."

Nikafungua nyingine. Hiyo ilisema kosa la aina hii limeshatokea, angalia, na jina langu likafuata kwenye mabano. Nyingine ilikuwa sura ya kitabu cha kiada, inayowafundisha vijana mambo ya kuepuka. Nilikuwa jambo la kwanza. Nyingine ilieleza kwamba chuo fulani huwapa wanafunzi wake makala yangu kama zoezi, watafute kosa liko wapi. Na walikuwa wanaipanga kwenye yale mazoezi mepesi.

Nilifungua nyingi. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu, hata awe mlevi, aliyeandika kwamba nilisema kweli. Sikumpata.

"Kwa hiyo," akasema mume wangu taratibu, "wanakutaja kama watu wanavyotaja shimo la barabarani."

"Asante, mume wangu."

"Nauliza tu."

"Umeuliza vizuri. Kunywa chai."

Kosa lenyewe lilielezwa kwenye ile makala ya kwanza, bila huruma. Sisi tulikuwa tumeweka data zetu wazi, kama kanuni zinavyotaka. Wale watu wakazichimba. Sampuli zote zilikuwa za damu ya wanawake. Lakini ndani ya kila sampuli ya wale ambao mimba zao huharibika wakakuta vinasaba vya kiume, vya mwanamume mmoja, yuleyule, kwa wote. Na ile herufi iliyobadilika, niliyoishangilia, niliyoichorea michoro ya rangi, ilikuwa yake huyo bwana.

Mume wangu alikuwa anasoma juu ya bega langu.

"Mwanamume gani?"

"Sijui."

"Na yuko ndani ya wanawake wote hao?"

"Baba watoto, sivyo unavyofikiri."

"Mimi nauliza tu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nilitaka kucheka. Kicheko kikakwama, kwa sababu hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu.

*

Mdogo wangu ni msusi. Ana saluni yake, mume wake, mdomo wake mrefu, na hana mtoto. Mimba tatu zimeharibika. Ile ya mwisho ilitaka kuondoka naye, alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono.

Makala ilipotoka, nilimchukua damu nikampima kwenye meza yangu ya maabara. Nikaikuta ile herufi. Nikaenda saluni nikamwambia kwa mdomo wangu: mdogo wangu, acha kujilaumu, umezaliwa nayo, na kwa uhakika tulio nao, kila mimba itaharibika. Alilia, akanikumbatia, akanishukuru. Tangu siku hiyo hakujaribu tena.

Sasa kama makala ni uongo, basi na hilo nililomwambia ni uongo. Huenda hana chochote. Huenda mimba zile ziliharibika kwa jambo lenye tiba.

Niliona uprofesa wangu unakwenda na maji, naona kabisa unavyokwenda, na bado moyoni kuna kitu kilikuwa kinafurahi. Sikukielewa, nikavaa viatu.

Kwanza nilikwenda kwa katibu wa kamati, kuizuia Alhamisi isije. Katibu ana miwani miwili, mmoja puani, mmoja kichwani, na sijawahi kumwona akibadilisha.

"Zile nukuu," nikamwambia, "wananitaja kwa ubaya."

"Wangapi?"

"Wote."

"Wote mia nne?"

"Na kitu."

"Safi sana," akasema, akaandika.

"Hujanielewa. Wanasema nimekosea."

"Nimekuelewa, Dokta. Wamekutaja, hawakukutaja?"

"Wamenitaja."

"Basi." Akaegemea kiti. "Pana mwenzako pale kemia. Kila anachoandika ni kweli tupu, mpaka inachosha. Nukuu zake kumi na moja. Tumemwambia ajitahidi."

Nikamwonyesha ile sentensi ya mfano mzuri, nikidhani ataona haya kwa niaba yangu. Akaisoma, akatabasamu.

"Hii ndiyo ya kusoma kwanza. Ila umeirefusha mno. Maneno mawili ya mwanzo yanatosha. Weka nukta hapo."

"Na nikiliandikia jarida niombe makala ifutwe?"

Hapo tabasamu likaondoka.

"Ukiifuta, nukuu zake zote zinaondoka nayo. Getini unabanduliwa. Alhamisi tunampitisha wa kemia na nukuu zake kumi na moja, tutafanyaje. Na yule mzee wenu, maabara mpya iliyokuwa iitwe jina lake itabidi tuiite Maabara Mpya." Akaniangalia kwa miwani yote. "Dokta, umeteseka miaka mingi. Mbona unajitafutia?"

Ninyi mnanijua. Kujitafutia ndiyo fani yangu.

*

Yule mzee wenu, aliyemtaja katibu, ndiye mkuu wa maabara yetu. Sisi humwita Mzee wa Mwisho, akiwa hayupo. Huku kwetu jina la kwanza kwenye makala ni la aliyefanya kazi, na jina la mwisho ni la mkubwa aliyeruhusu kazi ifanyike. Yeye ni wa mwisho kwenye kila kitu kilichowahi kutoka pale. Kila siku tulikuwa tunamsengenya: mtu ana makala nyingi kuliko nywele, na hajawahi kushika hata kichupa.

Nilimkuta ofisini anajipangusa pua. Mzee ana mafua tangu nimjue, ya masika na ya kiangazi.

"Profesa, kuna mwanamume kwenye sampuli zetu."

Akasoma nilichomletea. Alisoma hadi mwisho, lazima niseme, na uso haukubadilika.

"Fundi wa maabara huyo. Hawavai glavu."

"Fundi wetu alikuwa mwanamke. Yule mama aliyestaafu."

"Basi mwanafunzi."

"Mwaka ule wanafunzi wote walikuwa wasichana. Uliwasifu mpaka redioni."

"Mfagizi."

"Haruhusiwi kuingia. Ulimkataza wewe."

Akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Unataka kusema nini?"

Nilikuwa nataka kusema pua.

Kila asubuhi, akimaliza chai, Mzee alikuwa anapita maabara kutujulia hali. Anazunguka meza, anauliza mambo, kisha anakwenda kwenye chupa kubwa ya maji yaliyosafishwa, yale tunayochanganyia kila kitu. Anafungua kifuniko. Anaingiza pua. Anavuta. Maji yakianza kuharibika, alikuwa anasema, mashine haijui, pua inajua. Na mara nyingi, kwa mafua yale, alikuwa anapiga chafya papo hapo, anasema samahani, anafunga kifuniko, anaondoka. Sisi tulikuwa tunaona ni mapenzi yake kwa sayansi.

Mtaniuliza, sasa mbona hamkugundua? Tulikuwa na njia ya kugundua. Kila unapopima damu za watu, unaweka na kichupa kimoja kisicho na damu, maji matupu. Kikitoa alama yoyote, ujue maji yako machafu, tupa kila kitu.

Tulikuwa nacho kichupa hicho. Tena tulikiheshimu kupita kiasi. Kwa kuwa wahakiki wa majarida hukiangalia hicho kwanza, Mzee alitoa amri kitengewe maji bora kuliko yote, yale ya kununua, yanayokuja kwenye vichupa vidogo vimefungwa kwa lakiri. Damu za wagonjwa zikachanganywa na maji ya chupa kubwa. Kichupa cha ushahidi kikapewa maji ya lakiri. Kila siku kinatoka kisafi, kinang'aa, na sisi tunapongezana. Ni kama kumpima jirani homa ili ujue kama wewe ni mgonjwa.

Na wale wanawake waliozaa salama? Mashine yetu iliharibika mwezi ule, tukawapimisha maabara ya jirani, kwa maji ya jirani. Ndiyo maana wao hawakuwa na ile herufi. Kumbe kilichowaponya ni kutokutana na pua.

Niliyasema yote hayo, kwa adabu, huku nimesimama.

Mzee akawa mwekundu masikio.

"Lete kichupa," akasema.

"Profesa?"

"Lete kichupa! Nikupe mate, ukapime. Mimi miaka yote hii, na heshima zangu, leo niambiwe nimepiga chafya kwenye sayansi? Ukikuta si mimi, utaniomba radhi mbele ya idara nzima."

"Na nikikuta ni wewe?"

"Hutakuta."

Akatema kwa hasira, mate mengi kuliko yanayohitajika. Ni mtu mkarimu akikasirika.

*

Nikapima. Safari hii maji ya lakiri kwa kila mtu, glavu juu ya glavu, barakoa, hata kuimba sikuimba. Nikamweka Mzee. Nikaitoa kwenye friza damu ya mdogo wangu, ileile ya wakati ule, nikaiweka kando yake.

Jumatano saa sita mchana majibu yakatoka. Nikaanza na ya Mzee.

Ni yeye. Herufi yake, vinasaba vyake, kila kitu. Miaka yote ile tunamsengenya kwamba hajawahi kuchangia kitu kwenye utafiti, na tulimwonea. Kwenye makala ile hakuna aliyechangia kumshinda.

Nikampigia simu.

"Ni wewe, Profesa."

Nikamsikia anavuta pua.

"Mpaka Alhamisi ipite," akasema, "usimwambie mtu. Mwakani tutatoa sahihisho, dogo, kwa maandishi madogo. Wewe utakuwa profesa, mimi nitakuwa na maabara yangu, kila mtu atasahau."

"Profesa, kosa letu linafundishwa vitabuni."

"Wanafunzi hawasomi." Akasita, na sauti ikashuka. "Hiyo herufi. Ni mbaya kwa mwanamume?"

"Una watoto sita, Profesa."

"Saba," akasema, akakata.

Sasa nikageukia majibu ya mdogo wangu. Nikasoma. Nikarudia kusoma. Nikaenda kunawa uso, nikarudi nikasoma tena.

Hana.

Mdogo wangu hana kitu. Hana ile herufi, hajawahi kuwa nayo, nilimpaka mimi kwa maji yangu. Nilikaa chini, sakafuni, nikalia kama mtoto, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Nilimwona na mimba. Nilimwona ananitukana chumba cha kujifungulia. Nilishamchagulia na daktari wa kumwangalia upya, tangu mwanzo, kama mtu mwingine kabisa.

Nikampigia mume wangu.

"Na uprofesa?" akauliza.

"Uende."

"Na gauni la mama yako?"

"Atalivaa hivyohivyo."

Akacheka, akasema nenda, chakula nitapika mimi. Ni mtu mwema yule, ingawa anauliza sana.

Barua ya kuliomba jarida liifute makala nilishaiandika. Ilikuwa kwenye simu yangu, imebaki kubonyezwa tu. Lakini nilisema hapana, sayansi ingoje saa moja. Mdogo wangu asikie kwanza, kutoka kwangu, kama alivyosikia ile ya mwanzo kutoka kwangu. Nikaondoka maabara bila hata kuvua koti jeupe.

*

Saluni nilimkuta msaidizi wake peke yake, anasuka.

"Bosi yuko nyumbani, Dokta. Wiki hii haji."

Nikaenda nyumbani kwake. Nikabisha.

"Ingia, mlango uko wazi!" akaitikia ndani. "Na kama unadai, hatupo!"

Alikuwa amelala kwenye kochi, mto tumboni, miguu juu ya stuli. Hakuinuka. Mdogo wangu, ambaye akiniona hunirukia, alinyoosha mkono tu.

"Profesa wetu huyo!"

"Bado."

"Kesho si ndiyo kesho? Mama kanipigia mara ngapi sijui, gauni, gauni, nimemwambia basi avae leo tupumzike. Mbona umekuja na koti la kazini? Umefukuzwa?"

"Una nini wewe?"

"Kaa kwanza."

"Nakuuliza una nini."

"Nimesema kaa. Na usinifokee, shemeji yako kaenda dukani, hakuna wa kunitetea."

Nikakaa ukingoni mwa kochi. Akanishika mkono, akaanza kucheza na kidole changu, kama alivyokuwa anafanya utotoni akivunja kitu.

"Nilikwenda hospitali kubwa," akasema. "Yale maumivu yangu ya mwezi. Nikampata daktari mpya, kijana, msomi kweli. Akaniuliza historia yangu, nikamweleza zile mimba, nikamwambia dada yangu alinipima akanikuta na kasoro ya jeni. Akauliza kasoro gani. Nikaitaja, si uliniandikia? Dada, yule mtu alisimama! Kumbe makala yako anaijua, anaitaja mstari kwa mstari. Nikamwambia aliyeiandika ni dada yangu wa tumbo moja. Akanipa mkono."

"Ikawaje?"

"Akaniambia mama, kwa kasoro hiyo hakuna mimba itakayofika, na ile ya mwisho ilikaribia kukuua. Ukipata nyingine kwa bahati mbaya, itakumaliza. Nikaenda nikazungumza na shemeji yako. Alilia kidogo, kisha akasema bora wewe." Akavuta pumzi. "Nimefunga kizazi, dada. Ijumaa. Niliwaambia wakate kabisa, nisije nikabadilisha mawazo."

Katika watu mia nne na kitu walionitaja, kumbe alikuwapo mmoja aliyeniamini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza baadaye.

"Ungesema nisubiri. Na wewe ulikuwa na Alhamisi yako, sikutaka kukutia wasiwasi." Alikuwa anatabasamu, na halikuwa tabasamu la kujikaza. Ninamjua. "Dada, nimetulia. Huwezi kuamini. Zamani nilikuwa najiuliza kila siku, nilibeba nini kizito, nilikula nini, nilimkosea nani. Sasa najua haikuwa mimi. Hata wangenipa nafasi kumi, zote zingeharibika. Hilo ndilo linanilaza. Umenisaidia wewe, hakuna mwingine."

Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti, na barua ndani yake. Nikiituma, makala itafutwa, gazeti litaandika, daktari kijana atasoma, mtu mmoja saluni atamwambia huku anasukwa. Nisipoituma, hatajua kamwe. Atalala vizuri, mimi nitakuwa profesa, mama atavaa gauni, na kila mwanamke atakayekaa mbele ya daktari yule atapewa mkono.

"Haya, na wewe," akasema mdogo wangu. "Umekuja mbio hivyo na koti la watu. Sura yako ilikuwa inacheka mlangoni, nimeiona. Kuna nini? Sema."

Sentensi yenyewe nilikuwa nimeipanga njia nzima: mdogo wangu, huna kasoro yoyote, unaweza kuzaa. Alinisogezea mto nikae vizuri, akaniangalia usoni, akangoja.